Sasa Wewe Unafanya Nini?

Karatasi yenyewe haina haiba ya kumvuta mtu. Ni ukurasa mmoja, aghalabu uliotoka kwenye mashine ya fotokopi, wenye mistari na visanduku: jina, asili, kazi, nguvu, wepesi, hekima, uhai. Visanduku vyote ni vitupu. Juu yake imelazwa penseli, wala si kalamu ya wino, kwa kuwa karibu kila kitakachoandikwa hapo kitafutwa kabla usiku haujaisha: uhai utapungua, sarafu zitatumika, upanga utazama mtoni. Mwenye meza huisogeza karatasi hiyo polepole hadi imfikie mtu ambaye hajawahi kucheza hata siku moja, na katika mwendo huo mfupi wa kiganja mchezo mzima unakuwa umesafiri. Ndivyo ulivyosafiri tangu mwanzo, mkono kwa mkono, na kila nionapo karatasi ikivuka meza namna hiyo hujiuliza ni nini hasa kinachovuka pamoja nayo.

Nazungumzia michezo ya kuigiza wahusika mezani. Watu wanne au watano huketi pamoja. Mmoja huwa msimulizi, na kila mmoja wa waliobaki hubeba mhusika wake. Msimulizi anaeleza kwamba mmefika kwenye lango la mji, jua limekwisha kuchwa, na mlinzi amesimama na mkuki. Kisha anamgeukia mmoja wenu na kuuliza: sasa wewe unafanya nini? Unajibu, na hadithi inafuata jibu lako. Penye mashaka, kwa mfano kama utaweza kuuruka ukuta au la, dadu hurushwa, na dadu mashuhuri kuliko zote katika michezo hii ina pande 20. Hakuna anayemshinda mwenzake. Hadithi yaweza kuisha usiku huohuo, au ikaendelea kila wiki kwa miaka. Hayo ndiyo maelezo, na sijaona bado mtu ambaye maelezo hayo peke yake yalimtosha akavuta kiti. Husikiliza kwa adabu, akaitikia, akageuza mazungumzo. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni methali ninayoiheshimu, lakini hapa naona inapwaya. Viko vizuri ambavyo havionekani mpaka mtu awe ameingia ndani, na vya namna hiyo haviwezi kujiuza kwa mpita njia. Sharti atokee wa kumshika mkono amwingize.

Mchezo wa kwanza wa aina hii kuchapishwa na kuuzwa ulitoka mwaka 1974 katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani. Jina lake Dungeons & Dragons. Waandishi wake ni wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, na kampuni iliyoutoa, TSR, ilikuwa imeanzishwa mwaka mmoja tu kabla na Gygax pamoja na rafiki yake wa utotoni, Don Kaye. Gygax alikuwa amepoteza kazi yake ya bima mwaka 1970, na kwa muda alijikimu kwa kutengeneza viatu. Nakala za kwanza zilikuwa 1,000. Vijitabu vitatu vilitiwa ndani ya sanduku la kadibodi lililovishwa karatasi yenye mchoro wa mbao, na kazi ya kupanga na kubandika ilifanywa kwa mikono, nyumbani. Bei ilikuwa dola 10, ambazo wakati ule hazikuwa haba kwa vijitabu vyembamba. Fedha za matangazo ya kuitikisa nchi hazikuwapo. Ilichukua karibu mwaka mzima nakala hizo kuisha. Nakala 1,000 za pili ziliisha kwa muda mfupi zaidi. Kasi hiyo ndiyo inayonishughulisha. Kila sanduku lilinunuliwa na mtu mmoja, lakini lilifunguliwa mbele ya watu kadhaa, na miongoni mwao hakukosekana aliyetoka usiku huo akitamani naye awe na meza yake.

Ukitaka kuiona nguvu ya kuambizana, rudi nyuma zaidi ya sanduku lenyewe. Mwaka 1969, katika miji pacha ya Minneapolis na St. Paul, David Wesely aliwaandalia wenzake mchezo wa vita vya enzi ya Napoleon, akampa kila mmoja nafasi yake katika mji wa kubuni uitwao Braunstein. Badala ya kupigana, wachezaji walianza kutembea, kunong'onezana, kupanga njama pembeni. Wesely aliona mambo yamemharibikia. Wachezaji wakaomba warudie. Mmoja wao alikuwa Arneson, aliyelichukua wazo hilo akalipeleka kwenye ngome, mashimo na madubwana ya nchi yake ya Blackmoor. Mwishoni mwa 1972 Arneson alisafiri hadi Lake Geneva na kumwongoza Gygax katika nchi hiyo, mezani, uso kwa uso. Gygax akarudi kwenye mashine yake ya kuchapa, na waliokuwa wa kwanza kushuka kwenye mapango yake ya Greyhawk ni watoto wake wawili, Ernie na Elise. Wesely kwa Arneson, Arneson kwa Gygax, Gygax kwa wanawe: hiyo ni silsila kamili, na hapakuwa na kitabu hata kimoja cha mchezo wa aina hii kilichochapishwa kati yao. Mtu ambaye jina lake limetangulia juu ya sanduku alikuwa, kabla ya hapo, mgeni kwenye mchezo wa mwingine. Kuna aliyemgeukia na kumwuliza anafanya nini, naye akajibu.

Na vile vijitabu vitatu havikuwa rahisi kueleweka. Vilimchukulia msomaji kuwa anazo tayari kanuni za vita za Chainmail, zilizotoka 1971, na vilimshauri atafute ubao wa mchezo wa kampuni nyingine kabisa, Outdoor Survival, autumie kama ramani ya nyika. Mtu aliweza kuvisoma mwanzo hadi mwisho asijue jioni inaanzaje, nani anasema kwanza, wala ni wakati gani wa kunyamaza. Aliyejua alikuwa yule aliyewahi kuketi na waliojua. Huko Phoenix, Arizona, Ken St. Andre alizisoma kanuni hizo mwaka 1975, akalipenda wazo, akazikataa kanuni, akaandika mchezo wake mwenyewe, Tunnels & Trolls. Mwaka huohuo, Los Angeles, Lee Gold alianzisha Alarums and Excursions, jarida ambalo wachezaji walilijaza kwa kurasa zao wenyewe wakielezana mambo yanavyokwenda kwao. Kila mji ukawa na namna yake. Kinywa hakinakili kama mashine. Kinapopokea huongeza chumvi yake, na mchezo huu ulinenepa kwa chumvi hizo.

Mtazame sasa mgeni. Ameitwa na mwenzake wa kazini, amekuja kwa hisani kuliko hamu, na mkoba wake bado ameupakata kama mtu asiyejua iwapo atakaa. Wenzake wamefika lango la mji na hawana kibali cha kuingia. Mmoja anataka kupanda ukuta kwa kamba. Mwingine ana uchawi wa usingizi na anataka kumlaza mlinzi. Wanabishana, wanafunua kurasa, wanahesabu. Msimulizi anawaacha, anamgeukia mgeni: na wewe, dada, unafanya nini? Kimya. Anaitazama karatasi kana kwamba jibu limejificha kwenye visanduku. Halimo. Kisha anauliza kwa sauti ya chini: naruhusiwa kumwuliza mlinzi kama amekula?

Hapo ndipo kila kitu kinapoamuliwa. Msimulizi asiye na moyo wa kukaribisha atafungua kitabu, au atasema swali hilo halina maana kwa kuwa mlinzi ni adui, au, vibaya zaidi, atacheka. Aliye na moyo huo husema neno moja: muulize. Halafu anainua kichwa, anakuwa mlinzi, anajibu kwa sauti ya mzee aliyechoka kwamba tangu alfajiri hajatia kitu mdomoni, wala wa kumpokea zamu hajatokea. Mgeni anarudi kwenye karatasi, safari hii akijua anachotafuta. Anakuta chini kabisa imeandikwa: mkate, siku 3. Anafuta 3, anaandika 2. Mlinzi anakula amesimama, na anapomaliza anawaonyesha mlango mdogo wa wauza samaki, upande wa mtoni, ambao usiku hauwekwi komeo. Hakuna dadu iliyorushwa. Yule wa kamba na yule wa usingizi wanatazamana. Na mkoba, bila mwenyewe kutambua, umeshawekwa sakafuni.

Baada ya hapo hakuna haja ya kumweleza mchezo ni nini. Ameshapewa kile ambacho hakiandikiki kwenye kijitabu wala hakipakiki ndani ya sanduku: hakika kwamba neno lake limehesabiwa. Naamini hicho ndicho kinachovuka meza pamoja na karatasi. Kanuni ataziokota njiani, kama sote tulivyoziokota. Hakika hiyo haiokotwi. Lazima mtu akupe, na akupe mbele ya wengine, kwa sababu hofu ya mgeni ni hofu ya kusema jambo la kipuuzi mbele za watu. Tangazo laweza kumwambia kwamba atakuwa shujaa. Haliwezi kumwambia kwamba swali lake kuhusu njaa ya mlinzi litapokewa.

Waliokua wakitegewa vitendawili walilipata jambo hili mapema bila kulipa jina. Kitendawili! Tega! Na wote wakishindwa, mtegaji anadai apewe mji. Mtoto mdogo kuliko wote aweza kupaza sauti kumpa Lamu, au Kigoma, au Tabora, mji mzima pamoja na watu wake, mji ambao huyo mtoto hajawahi kuuona. Mtegaji anaupokea kwa uzito wote. Anakwenda, anafika, anaeleza alivyokaribishwa, alivyokula na kunywa, ndipo anatoa jibu. Hakuna mkubwa anayedai hati ya umiliki. Na hakuna mtoto aliyefundishwa kanuni za kutega kabla ya kuruhusiwa kutega: aliketi karibu, akasikia, akajaribu, jibu lake la kwanza likakosea na usiku ukaendelea naye akiwa ndani.

Kwa sababu hiyo navutiwa sana na vitabu vilivyojaribu kufanya kazi ya mwenyeji pale ambapo mwenyeji hayupo. Mwaka 1977 daktari wa mishipa ya fahamu, Eric Holmes, aliandika toleo la kwanza la Dungeons & Dragons lililokusudiwa wanaoanza. Lakini lililogusa zaidi ni lile la Frank Mentzer la 1983, lenye sanduku jekundu. Mtoto aliyelifungua peke yake chumbani hakukutana kwanza na majedwali. Alikuta hadithi inayomwita wewe: umeingia pangoni, na humo unakutana na kuhani wa kike, Aleena, anayekukaribisha uketi, anakueleza mambo ya ulimwengu huo kwa upole, anakutibu majeraha. Kisha mchawi aitwaye Bargle anamuua. Wapo watu wazima leo ambao jina la Bargle bado linawakera. Nadhani Mentzer alielewa kwamba kanuni hazishiki moyoni mpaka ziwe zimetoka kwa mtu fulani, na kwa kuwa hakuweza kumtuma mtu ndani ya kila sanduku, alimtunga mmoja.

Japani walipata njia nyingine, na binafsi naiona kuwa ya busara kuliko zote. Kuanzia 1986, jarida la kompyuta liitwalo Comptiq lilichapisha mazungumzo ya meza halisi, yale ya Hitoshi Yasuda na wenzake, Ryo Mizuno akiwa msimulizi: nani alisema nini, nani alisita, dadu ilitoa ngapi, wapi walicheka. Kutoka humo ikazaliwa Record of Lodoss War, ambayo baadaye ikawa riwaya na filamu za katuni. Msomaji aliyekuwa mbali na meza yoyote alijifunza jinsi watu wanavyoongea mezani kabla hajajua kanuni moja. Alipomwita jirani yake, tayari alikuwa na masikio ya mchezaji.

Maneno ya watu, hata hivyo, hubeba moto na maji kwa chombo kimoja. Mwaka 1979 kijana mmoja wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan alitoweka, na mpelelezi wa kukodiwa akasema huenda amepotelea kwenye mahandaki ya mvuke chini ya chuo akicheza mchezo huu. Magazeti yalilivumisha hilo nchi nzima. Kijana alipatikana akiwa hai, na masaibu yake yalikuwa mengine kabisa, ya mtoto mdogo mno kwa mzigo aliobebeshwa. Lakini uvumi ulikwisha kukimbia. Uliwaogofya wazazi wengi, na miaka ya 1980 ulikua ukawa tuhuma za uchawi na ushetani. Papo hapo uliongeza mauzo kuliko tangazo lolote. Sioni fahari yoyote katika ongezeko hilo. Mchezo uliofahamika kwa uchungu wa familia moja ulifahamika vibaya, na kazi ya kuusafisha iliwaangukia watu wasio na jina: mzazi aliyeitwa aketi nusu saa jikoni, akawaona watoto wake na penseli zao wakibishana jinsi ya kumwokoa mateka.

Siku hizi wageni huja wakiwa wameshaona. Mwaka 2015 kundi la waigizaji wa sauti wa Los Angeles, msimulizi wao akiwa Matthew Mercer, lilianza kuonyesha mtandaoni mchezo waliokuwa wakiucheza faragha nyumbani, na Critical Role ikapata watazamaji wasiohesabika kirahisi. Mwaka uliofuata tamthilia ya Stranger Things, tangu kipindi chake cha kwanza, ilionyesha watoto wanne wakicheza katika chumba cha chini. Nafurahi, na nafurahi kwa dhati. Ila mlango ulioonyeshwa kwenye kioo una kizingiti chake: mgeni anaketi akidhani anapaswa kuwa na sauti kumi na machozi ya kuamrisha, na msimulizi wa kawaida, mwenye kazi yake na watoto wake, anadhani hastahili kuongoza. Wote wawili wanahitaji kuambiwa kwamba wale waigizaji pia walianza wakiwa marafiki sebuleni. Kutazama kunampa mtu shauku. Kumtoa kwenye kutazama na kumweka kwenye kusema, kazi hiyo bado ni ya rafiki anayemwambia njoo Jumamosi, nitakaa karibu nawe.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mezani pa mchezo huu jembe hutolewa saa ya kwanza, na asiyepewa ndiye anayeondoka. Nimeziona meza zilizojaa watu wazuri ambazo hazikuongeza mtu kwa miaka. Wachezaji wake wana utani wao wa zamani, wana vita walivyopigana ambavyo hukumbushana kila baada ya dakika kumi, na mgeni akifungua mdomo humkimbilia wote kwa pamoja kumweleza kwa nini alichochagua si chaguo bora. Wanadhani wanasaidia. Kwa kweli wanamnyang'anya jembe, wakamlimia, halafu wakashangaa hakurudi. Meza ya namna hiyo huanza kuumwa yenyewe. Kila mmoja anajua mwenzake atafanya nini. Lango ni lilelile, kamba ni ileile, usingizi ni uleule. Hapo ndipo ile methali ya mgeni njoo, mwenyeji apone inapopata nyama. Wale wawili waliobishana kuhusu ukuta walikuwa wamecheza pamoja kwa muda mrefu kiasi kwamba kumwona mlinzi kama mtu mwenye tumbo kulikuwa kumewatoka. Alihitajika asiyejua kanuni ili awarudishie macho.

Naandika haya nikiwa na jambo moja moyoni, nalo linahusu lugha yetu. Nchini Brazili, katika miaka ya 1980, vijana walicheza kwa nakala za fotokopi za vitabu vya Kiingereza, hata wakaitwa kizazi cha fotokopi. Mmoja alisoma kwa Kiingereza, wote wakacheza kwa Kireno, na mchezo wa kwanza wa Kibrazili, Tagmar, ulichapishwa mwaka 1991, baada ya meza kuwa zimeutangulia. Vitabu vya Kiswahili navitaka na nitavinunua. Lakini meza haina sababu ya kuvisubiri. Aliyewahi kucheza hata mara moja, awe Nairobi au Mwanza au Muscat, aweza kuongoza usiku wa leo kwa Kiswahili, na lango likawa na nakshi za Mji Mkongwe, mlinzi akajibu kwa Kimvita, na mateka akawa binti wa nahodha. Pa kuanzia pawe pepesi: Lasers & Feelings wa John Harper, uliotoka 2013, kanuni zake zote zinaenea ukurasa mmoja, na mhusika anahitaji namba moja tu, kati ya 2 na 5. Asiite wachezaji wenzake. Amwite shemeji anayependa kusimulia safari, mwalimu mstaafu wa jirani, fundi cherehani mwenye maneno mengi. Aongoze kwa saa mbili, amalize kabla daladala hazijaadimika, na wakati wa kuagana asiulize kama wameupenda. Aulize kila mmoja wiki ijayo atamleta nani.